Chujio la Hewa la Pikipiki: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulifungua au Kulibadilisha

Katika gereji nyingi za mitaani na katika vijiwe vya bodaboda husikika ushauri kwamba pikipiki iliyochoka hupata nguvu mpya ikifunguliwa njia ya hewa. Wapo wanaotoboa boksi la chujio. Wapo wanaoondoa chujio lote na kuacha kabureta wazi. Wapo pia wanaonunua chujio dogo linalofungwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta. Kazi hiyo huchukua muda mfupi, gharama yake ya awali ni ndogo, na mara nyingi pikipiki hutoka hapo ikinguruma kuliko ilivyoingia. Swali ambalo mlaji anapaswa kujiuliza kabla ya kulipa ni hili: je, kilichoongezeka ni nguvu, au ni mlio tu?

Katika makala hii tunaeleza kazi ya njia ya hewa, sababu za mabadiliko hayo kuleta hasara mara nyingi kuliko faida, na hatua ambazo mwenye pikipiki anaweza kuchukua ili chombo chake kivute vizuri katika matumizi ya kila siku. Tunazungumzia hasa pikipiki zenye kabureta na injini ya cc 100 hadi 150, kwa kuwa ndizo zinazotumika sana kubeba abiria na mizigo nchini Tanzania.

Hewa na petroli hufanya kazi kwa kipimo

Petroli haiwaki peke yake ndani ya silinda. Huwaka ikichanganywa na hewa. Ili gramu 1 ya petroli iungue yote, huhitajika takriban gramu 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huhitaji takriban lita 9,000 za hewa. Kwa hiyo dereva anayetumia lita 3 kwa siku hupitisha katika injini yake zaidi ya lita 25,000 za hewa, na hewa yote hiyo hutoka barabarani, pamoja na vumbi lake.

Kabureta ndiyo inayopima mchanganyiko huo. Ndani yake mna jeti, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha petroli, na ukubwa wa vitundu hivyo umechaguliwa na kiwanda kulingana na hewa inayopita katika boksi na chujio la asili. Vitu hivyo vitatu, yaani boksi, chujio na jeti, ni mfumo mmoja. Anayebadilisha kimoja na kuacha vingine huharibu kipimo.

Boksi la chujio nalo si ganda tupu. Hutuliza hewa ambayo injini huivuta kwa mikupuo, hupunguza kelele, na hukinga kabureta dhidi ya maji ya mvua na ya madimbwi. Likiondolewa, kazi hizo zote hukosa mfanyaji.

Kwa nini nguvu haiongezeki kama inavyotarajiwa

Katika mwendo wa mjini dereva huwa amefungua mkono wa mafuta kwa sehemu tu. Wakati huo kinachozuia hewa zaidi isiingie si chujio, bali ni kilango cha kabureta ambacho dereva mwenyewe hakukifungua chote. Kuondoa chujio hakuongezi kitu hapo, sawa na kupanua lango la uwanja wakati mlango wa nyumba umeegeshwa.

Faida inaweza kuonekana pale tu mkono wa mafuta unapofunguliwa wote na injini inazunguka kwa kasi kubwa. Hata hapo, injini hizi ndogo zimeundwa kwa ajili ya kuvuta mzigo kwa mwendo wa wastani na kutumia mafuta kidogo, na valvu zake na njia zake za hewa zimepimwa kwa lengo hilo. Kufungua chujio pekee hakuzigeuzi kuwa injini za mashindano.

Kwa nini basi baadhi ya madereva huapa kwamba pikipiki zao zimebadilika? Tunaona sababu tatu. Kwanza, kelele ya hewa inayovutwa bila boksi humfanya mtu ahisi kasi ambayo haipo. Pili, mara nyingi chujio lililoondolewa lilikuwa limeziba kwa uchafu. Pikipiki ingepata nafuu ileile kama lingesafishwa au kuwekwa jipya la aina yake. Tatu, ni suala la mwinuko wa mahali.

Sababu hii ya tatu inahitaji maelezo. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Pikipiki iliyopimwa kwa ajili ya pwani ikifika huko hupata petroli nyingi kuliko hewa, hivyo hutoa moshi mweusi na kuvuta kwa uzito. Boksi likitobolewa, mchanganyiko unaweza kurudi karibu na kipimo na dereva akaridhika. Lakini pikipiki hiyohiyo ikirudishwa pwani itakuwa na petroli pungufu, na injini itapata joto kupita kiasi. Tiba sahihi ya mwinuko ni kurekebisha jeti, kwa kuwa jeti hubadilishwa na kurudishwa, ilhali boksi lililotobolewa halirudi lilivyokuwa.

Gharama isiyoonekana siku ya kwanza

Hasara ya kwanza ni vumbi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikipita hadi ndani ya silinda hukwaruza ukuta wake na kula ringi za pistoni, kisha huingia katika oili na kusambaa injini nzima. Dalili huja polepole: oili inapungua bila kuvuja, moshi wa rangi ya bluu unaonekana, na mlima uliopandwa kwa urahisi mwaka jana sasa unahitaji gia ndogo. Dalili hizo zinapodhihirika, dawa si chujio tena, bali ni kubadilisha ringi, pistoni na pengine silinda yote.

Hasara ya pili ni joto. Hewa ikizidi na petroli ikabaki ileile, mchanganyiko huwa mwepesi. Injini husita mkono wa mafuta unapofunguliwa, hutoa milipuko midogo katika bomba la moshi unapoachiwa, na hupata joto kuliko kawaida. Hali hiyo ikiendelea katika safari ndefu yenye mzigo, pistoni na valvu huweza kuungua.

Hasara ya tatu ni maji. Wakati wa masika, chujio lililo wazi hulowa na injini huzima. Maji mengi yakivutwa ndani ya silinda, pistoni hushindwa kuyakandamiza, na fimbo yake huweza kupinda.

Kwa dereva anayeendesha kwa mkataba, hasara hizi zina uzito wa pekee. Anapeleka hesabu kila siku au kila wiki kwa matumaini kwamba mwisho wa mkataba pikipiki itakuwa yake. Injini ikifa kabla ya hapo, hesabu husimama, na mabishano juu ya nani alipe matengenezo huanza. Tunamshauri dereva wa mkataba asibadilishe sehemu yoyote ya injini bila ridhaa ya mmiliki, na ridhaa hiyo iwe ya maandishi. Mmiliki naye asimlazimishe dereva kuendesha pikipiki isiyo na chujio ili kukwepa gharama ndogo ya chujio jipya.

Anza na haya kabla ya kugusa njia ya hewa

Pikipiki nyingi zinazodhaniwa kuwa dhaifu hurudi katika hali nzuri baada ya ukaguzi wa kawaida. Tunapendekeza mpangilio huu:

1. Kagua chujio. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hukaushwa kabisa, hupakwa oili ya injini kidogo, kisha hukamuliwa bila kusokotwa. Lisioshwe kwa petroli, kwa kuwa ni hatari ya moto na huweza kuharibu sponji. Chujio la karatasi kavu hugongwa taratibu na kupulizwa kwa upepo mdogo kutoka ndani kuelekea nje. Chujio la karatasi lililolowekwa oili kiwandani halipulizwi wala halioshwi, hubadilishwa.

2. Kagua mpira unaounganisha boksi na kabureta. Ukiwa na ufa, vumbi hupita bila kuchujwa. Futa ndani ya mpira huo kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na vumbi, chujio halifanyi kazi yake au kuna mahali panapovuja.

3. Angalia plagi. Ncha yenye rangi ya kahawia huonyesha mchanganyiko mzuri; nyeusi yenye masizi huonyesha petroli nyingi; nyeupe huonyesha petroli pungufu na joto kubwa.

4. Pima nafasi ya valvu, upepo wa matairi na mkazo wa mnyororo, na hakikisha breki hazishiki wakati gurudumu linazunguka. Breki inayoshika hula nguvu nyingi kuliko chujio lolote.

Katika barabara za vumbi, muda wa kusafisha na kubadilisha chujio uwe mfupi kuliko ule ulioandikwa katika kitabu cha pikipiki, kwa kuwa muda huo umekadiriwa kwa barabara za kawaida.

Ikiwa bado unataka kubadilisha

Mlaji ana uhuru wa kuamua juu ya mali yake. Akishaamua, tunamshauri afuate utaratibu utakaomwezesha kurudi alikotoka.

Boksi la asili lisikatwe wala kutobolewa. Livuliwe na kuhifadhiwa pamoja na jeti zake. Chujio jipya liwe la kipimo kinacholingana na mdomo wa kabureta, lifungwe bila kuacha mwanya, na likingwe dhidi ya maji. Jeti kubwa ibadilishwe pamoja na chujio. Katika jeti za aina moja, namba kubwa zaidi hupitisha petroli zaidi. Fundi apande namba moja kwa wakati, aiendeshe pikipiki ikiwa na moto wa kazi, kisha asome rangi ya plagi kabla ya kupanda tena.

Mwisho, matokeo yapimwe kwa namba na si kwa sikio. Kabla ya kubadilisha, jaza tangi hadi alama fulani, tembea kilomita zinazojulikana katika njia yako ya kila siku, kisha jaza tena hadi alama ileile. Kwa mfano, kilomita 200 zikitumia lita 5, pikipiki inatembea kilomita 40 kwa lita. Rudia kipimo hicho baada ya kubadilisha, katika njia ileile na kwa mzigo unaofanana. Kama kilomita zimepungua na mlima haupandwi kwa wepesi zaidi, rudisha vifaa vya asili.

Haki na wajibu wa mlaji

Kabla ya kukubali kazi, muulize fundi maswali manne: Tatizo la pikipiki yangu ni lipi, na umelijuaje? Je, utabadilisha jeti pia? Je, sehemu za asili nitarudishiwa? Ikitokea hitilafu kutokana na kazi hii, utafanya nini? Fundi anayeijua kazi yake hataona taabu kuyajibu.

Kama pikipiki bado iko ndani ya muda wa dhamana, soma masharti ya dhamana hiyo kwanza. Mabadiliko katika njia ya hewa yanaweza kumpa muuzaji sababu ya kukataa kutengeneza injini bila malipo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji. Muuzaji anayedai kwamba chujio lake huongeza nguvu na kupunguza mafuta kwa kila pikipiki anapaswa kuwa tayari kuthibitisha dai hilo. Mwombe aliandike. Dai risiti inayoonyesha jina la kifaa na kazi iliyofanyika, na hifadhi kifungashio pamoja na kifaa kilichotolewa. Bila vitu hivyo, malalamiko yako hubaki kuwa neno lako dhidi ya neno la muuzaji.

Tunawasihi wenye pikipiki na madereva wazingatie kwamba chujio safi, lililofungwa ndani ya boksi zima, ndilo linaloilinda injini inayowapatia riziki. Yeyote anayekusudia kutumia fedha zake kwa ajili ya nguvu ya pikipiki aanze kwa kununua chujio jipya la aina ileile iliyotoka kiwandani, na apime kilomita zake kwa wiki moja kabla ya kuamua jambo jingine.