Kumaliza filosofia na kupata diploma yake: je, ni jambo moja?

Kila mwaka, wakati wa mapumziko makubwa, wanaseminari wanarudi nyumbani, na wazazi wanawauliza: «Mwanangu, umekwisha maliza filosofia. Basi, diploma iko wapi?» Wengi wanakosa jibu. Wengine wanataja neno moja la Kifaransa. Mzee ananyamaza, lakini hakufahamu kitu. Tuyaeleze mambo haya pole pole, maana asiyeambiwa mapema ndiye anayepata hasara.

I. Masomo na diploma

Hapa Kirungu, zamani Baudouinville, tuna mfano wetu. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alisoma kwa Mapadri Weupe, Mpala kisha Baudouinville. Mwaka 1910 maandishi yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalianza kutoka katika gazeti la Ubelgiji. Tarehe 21 Julai 1917 alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati zetu. Wakati ule Kongo haikuwa na universite hata moja. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 tu. Seminari ilitengeneza Mapadri. Haikuwekwa ili igawe diploma.

Hata leo shabaha yake ni ile ile. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 250, inataka mwanaseminari asome muda usiopungua miaka sita: filosofia ipate kiasi cha miaka miwili kamili, na teolojia minne. Aliyefanya hivyo ametimiza sharti la upadri kwa upande wa masomo. Lakini sharti la diploma ya filosofia ni lingine.

II. Majina yanayochanganya watu

Katika Kanisa diploma ya kwanza ya filosofia inaitwa bakalorea, ya pili lisansi, ya tatu doktora. Lakini katika nchi nyingi za Kifaransa bakalorea ni diploma ya mwisho wa sekondari, ile ambayo sisi Wakongo tunaiita Diploma ya Serikali. Ndiyo sababu mtu akisikia «kijana wako amepata bakalorea» anadhani amemaliza sekondari tu!

Na lisansi? Zamani katika universite za Kongo mwanafunzi alifanya miaka mitatu ya graduati, kisha miwili ya lisansi: jumla mitano. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilileta mpango mpya: lisansi miaka mitatu, masta miwili, kisha doktora. Basi lisansi ya kaka mkubwa ni ya miaka mitano, na lisansi ya mdogo wake ni ya miaka mitatu. Usitazame jina peke yake, hesabu miaka.

III. Mambo matano yanayotakiwa

1. Mlango. Lazima mwanafunzi awe na Diploma ya Serikali, au nyingine yenye nguvu sawa. Akiipoteza, aitafute tangu sasa, asingoje mwaka wa mwisho.

2. Miaka. Zamani bakalorea ya filosofia ya Kanisa ilichukua miaka miwili. Kwa amri ya tarehe 28 Januari 2011 Roma iliifanya mitatu, maana yake vipindi sita vya nusu mwaka. Katika mpango mpya wa Serikali hesabu ni ile ile: miaka mitatu, krediti 180, yaani 60 kila mwaka. Krediti si saa za kukaa mbele ya mwalimu tu. Saa za kusoma peke yako, za kuandika na za kujitayarisha kwa mtihani zinahesabiwa pia.

3. Masomo. Hakuna ruhusa ya kuchagua yale yanayopendeza tu. Yatakiwa logika, metafisika, elimu ya maarifa, filosofia ya maumbile, filosofia ya mtu, maadili na siasa, na elimu ya Mungu kwa njia ya akili. Tena historia ya filosofia yote, tangu Wayunani hata siku zetu, pamoja na Kilatini. Kwetu filosofia ya Kiafrika inapata nafasi vilevile, hasa tangu kitabu cha Padri Tempels juu ya filosofia ya Wabantu, kilichotoka Élisabethville mwaka 1945.

4. Mitihani na kazi ya mwisho. Kila somo lina mtihani wake. Mwishoni kwa kawaida kuna kazi ya kuandika, inayoongozwa na profesa mmoja, na mtihani wa jumla. Wengi wanasimama hapa: masomo yamekwisha, kazi haijaandikwa, na miaka inapita.

5. Uwezo wa nyumba. Seminari peke yake haina uwezo wa kutoa bakalorea ya Kanisa. Lazima iungane na fakulte iliyopewa uwezo na Roma, na fakulte hiyo ndiyo inayotoa diploma. Serikali nayo ina orodha ya nyumba inazozitambua.

IV. Kwa nini tunasema haya

Tuseme kijana mmoja amesoma filosofia miaka miwili, mitatu. Kisha, baada ya sala na shauri, anaona kwamba Mungu hakumwita kuwa Padri. Hakukosa neno, seminari ni mahali pa kuchungua wito. Anafika universite, anaombwa karatasi, anaonyesha orodha ya alama. Wanamwambia: «Anza mwaka wa kwanza.» Anarudi kijijini, na watu wanadhani alifukuzwa. Mama aliyeuza samaki wake Moba ili amnunulie vitabu atasema nini?

Basi, ndugu mwanaseminari, tangu juma la kwanza uliza maneno matatu bila haya: Nyumba yetu imeungana na fakulte gani? Miaka yetu inahesabiwa krediti ngapi? Serikali inaitambua? Na sisi tunaofundisha, tujibu wazi. Kijana anayejua kwamba mlango uko wazi nyuma yake, akibaki, anabaki kwa moyo huru. Anayebaki kwa kuogopa kutoka mikono mitupu, huyo atakuwa Padri wa namna gani?