Si Kila Homa ni Malaria: Mweleze Daktari Kuhusu Mifugo Yako

Mkazi wa Garissa akishikwa na homa, akaumwa na kichwa na viungo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni malaria. Huenda ikawa kweli, na ndiyo maana kipimo cha malaria hufanywa mapema. Shida huanza pale kipimo kinapoonyesha kuwa hakuna malaria, lakini mgonjwa bado anaenda dukani kununua dawa za malaria. Siku zinapita, homa haishuki, na ugonjwa wenyewe unazidi kukita mizizi.

Mwaka wa 2014 na 2015, watafiti walipima damu ya wagonjwa 1,067 waliokuwa na homa katika hospitali za Garissa na Ijara. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa na kingamwili zinazoonyesha kuwa aliambukizwa homa ya Q. Baadhi yao walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria. Katika kipindi hicho hicho, wagonjwa 146 walithibitishwa kuwa na homa ya brusela, na ugonjwa huo ulihusishwa na kugusa mifugo na kunywa maziwa mabichi.

Homa hizi hutoka wapi?

Homa ya Q na brusela huletwa na bakteria wanaoishi ndani ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. Bakteria hao hujaa katika kondo la nyuma na maji ya uzazi mnyama anapozaa au kutoa mimba. Wale wa homa ya Q huweza kubebwa na vumbi la zizi na kuvutwa kwa pumzi. Kundi jingine la bakteria, linaloitwa riketsia, huenezwa na kupe, chawa na viroboto.

Tatizo hili si la Garissa pekee. Barani Asia kuna ugonjwa unaokaribiana na homa ya kupe, uitwao taifasi ya vichakani. Jina lisichanganywe na taifodi, ambayo hutokana na chakula na maji machafu. Taifasi hii huenezwa na watoto wa utitiri, wadudu wadogo mno wanaokaa kwenye nyasi na vichaka na kuishi juu ya panya. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja huugua kila mwaka. Wasipotibiwa, wastani wa wagonjwa 6 kati ya 100 hufariki. Wakitibiwa mapema, vifo hupungua sana. Zamani ilidhaniwa kuwa ugonjwa huu uko Asia na visiwa vya Pasifiki tu. Hata hivyo, mwaka wa 2006 mgonjwa mmoja aliupata Dubai, na baadaye vimelea vya jamii hiyo vilionekana katika utitiri na panya wa porini huko Baringo, hapa Kenya.

Dawa za malaria haziui bakteria. Homa ya kupe, homa ya Q na taifasi ya vichakani hutibiwa kwa dawa kama doksisaiklini, ambayo si ghali. Brusela huhitaji dawa zaidi ya moja kwa wiki kadhaa, na anayeziacha baada ya kupata nafuu huweza kuugua tena. Dawa hizi zisinunuliwe kiholela, hasa kwa wajawazito na watoto; mhudumu wa afya ndiye anayejua inayofaa.

Unapofika hospitalini

Mweleze mhudumu mambo haya hata asipouliza:

- Kama unachunga, unakamua, unachinja au unauza mifugo.
- Kama hivi karibuni ulisaidia mnyama kuzaa, au kuna aliyetoa mimba zizini.
- Kama unakunywa maziwa yasiyochemshwa.
- Kama umeumwa na kupe, au una kidonda kidogo chenye kigaga cheusi mwilini.
- Kama una ujauzito. Homa ya Q na brusela zinaweza kuharibu mimba.

Kinga nyumbani na malishoni

Chemsha maziwa mpaka yatokote, yawe ya ngamia, ng'ombe au mbuzi. Vaa glavu, au mfuko safi wa plastiki mkononi, unapomzalisha mnyama, kisha nawa kwa sabuni. Zika kondo la nyuma na mimba iliyotoka mahali ambapo mbwa hawatafukua. Watoto na wajawazito wasikae karibu na mnyama anayezaa.

Ogesha mifugo kwa dawa ya kupe kama afisa wa mifugo anavyoelekeza. Jioni, jikague mwilini na uwakague watoto. Kupe aliyeshika ang'olewe taratibu kwa kibano, asipondwe kwa vidole. Fyeka vichaka karibu na nyumba na uhifadhi nafaka mahali panya hawafiki.

Wanyama kadhaa wakitoa mimba kwa pamoja, mjulishe afisa wa mifugo wa wadi yako mara moja. Na homa ikiendelea baada ya kipimo kuonyesha kuwa huna malaria, rudi kituo cha afya ukapimwe upya, usiende dukani.