1.10 Sio Mtoi wa 1.9

Manze, kuna bagi ya C hulala fiti kutoka 1.0 hadi 1.9, alafu mkitoa 1.10 inaamka. Msee anafungua apu, apu inacheki kama kuna toleo mpya, inamshow ako sawa. Toleo mpya iko tu hapo kwa seva, imekaa, hakuna mtu anaiona.

Ukichimba unapata mtu alitumia strcmp. Hiyo kitu haijui hesabu. Inasonga baiti kwa baiti: 1 na 1, draw, nukta na nukta, draw, alafu 1 ya 10 inakutana na 9. Kwa ASCII 1 ni 49, 9 ni 57. Mechi imeisha, sufuri haijasomwa hata. Ni kama kudai ashu haifikii tisa juu inaanza na moja.

Na sio bagi ya watoi. 2014, Apple wakitoka OS X 10.9 kuingia 10.10, kuna skripti kibao zilidhani ni 10.1 imerudi.

Wasee wakishtuka hukimbilia atoi: kata stringi kwa nukta, geuza namba, toa hii kwa ile. 1.10 inakubali. Sasa leta toleo ya tarehe kama 20240115093000. Int ya biti 32 inaishia 2147483647, so hapo ni ngori. Mi hupenda hivi: pande zote mbili zikifika kwa namba, ruka sufuri za mbele, hesabu tarakimu. Yenye iko na mingi ndio kubwa. Zikitoshana, ndio unacheki moja moja. Hakuna kitu inafurika.

glibc iko na strverscmp imeshapikwa, but soma manual kwanza: kwake 01 ni ndogo kuliko 1. dpkg ya Debian inaona hizo ni sawa.

Alafu kuna stori ya rc. Ukiwacha herufi zijipange zenyewe, 1.0rc1 inashinda 1.0, yaani kopi ya majaribio inapita toleo yenyewe. Debian walimaliza hiyo maneno na ~. Ndani ya dpkg kuna fankisheni fupi sana, order: herufi zinabaki na namba zao, mwisho wa stringi ni 0, ~ inapewa -1. So 1.0~rc1 inakuja kabla ya 1.0.