Fahamu: Jeni inayobadili hatima ya mgonjwa wa saratani ya mapafu

Wagonjwa wawili wenye saratani ya mapafu ya hatua ileile hutibiwa kwa dawa ileile, na bado mmoja huishi miaka kadhaa zaidi ya mwenzake. Sehemu ya jibu imo katika jeni za uvimbe wenyewe.

Mfano maarufu ni jeni ya EGFR. Hutengeneza protini inayokaa juu ya seli na kupokea ishara ya kuiamuru igawanyike. Jeni ikipata hitilafu, amri hiyo haizimiki. Kwa kawaida hitilafu hii hairithiwi kwa wazazi. Huzuka ndani ya mapafu, na huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara na kwa watu wa Asia Mashariki.

Mwaka 2004 watafiti nchini Marekani walibaini kuwa wenye hitilafu hiyo ndio waliokuwa wakipata nafuu kubwa kwa vidonge vya gefitinib. Utafiti wa IPASS wa mwaka 2009 ukaonyesha upande wa pili, ambao kwangu ndio muhimu zaidi: kwa wasio na hitilafu, vidonge vilizuia ugonjwa kwa takriban miezi 1.5 tu, ilhali tibakemikali ilifikisha miezi 5.5. Kumpa mtu dawa hii bila kumpima, basi, ni kumpotezea muda asio nao.

Kuna dawa mpya zaidi, osimertinib. Katika utafiti wa ADAURA, miaka 5 baada ya upasuaji, asilimia 88 ya wenye hitilafu waliopewa dawa hiyo walikuwa hai, dhidi ya asilimia 78 waliopewa vidonge visivyo na dawa.