Nani Atashika Ncha ya Veli

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza binti ya dada yangu kwenye duka la nguo za harusi hapa Leicester. Gauni alikwisha kulilipia. Tulichofuata ni kile cha kichwani tu. Dada yangu yuko Lushoto, naye alikuwa akitutazama kwenye simu. Binti akamwambia, "Mama, leo tunachagua veli." Dada akageukia waliojaa sebuleni kwake akatangaza, "Wanachagua shela!" Vigelegele vikapigwa hadi muuza duka akaja kuuliza kuna nini. Waliposikia kwamba ni neti tu inayotafutwa, tena kwa karibu robo ya bei ya gauni, vigelegele vilikatika ghafla.

Hawakukosea. Kwetu Tanzania neno shela limekua kuliko lilivyozaliwa. Zamani lilikuwa nguo ya kujitanda kichwani, na Biblia ya Kiswahili bado inalitumia hivyo pale Rebeka anapomwona Isaka kwa mbali, anashuka kwenye ngamia na kujifunika. Leo ukisema fulani kavaa shela, watu wanaelewa gauni jeupe zima, na kile chepesi cha kichwani kimepata jina la kuazima, veli.

Nimeanza na neno kwa sababu binti huyu amechoshwa na watu wa pande mbili. Shangazi zake wa kanisani wanamwambia veli ni agizo la Mungu, asipoivaa ndoa ina walakini. Rafiki zake wa chuo wanamwambia veli ni alama ya mwanamke kukabidhiwa kama mzigo, anafunikwa huku na kufunguliwa kule. Nimewasikiliza wote, nikaona wanagombania kitambaa bila kuuliza mkono wa nani uliokishika. Kwangu mimi swali ni hilo.

Rebeka alijifunika mwenyewe, hakuamriwa na mtu. Kizazi kimoja baadaye mambo yakageuka: Labani alimpelekea Yakobo binti usiku, na Yakobo hakujua kuwa ni Lea, wala si Raheli, mpaka kulipokucha. Wayahudi hawajakisahau kisa hicho. Kabla ya ndoa kufungwa, bwana harusi huenda alipoketi mchumba wake, humtazama usoni akajiridhisha kuwa ndiye, kisha humteremshia veli kwa mkono wake. Sherehe hiyo fupi huitwa badeken. Kwa hiyo kwao bwana harusi ndiye anayefunika, wakati makanisa mengi ya kwetu yamemzoesha kufunua. Ama agizo la kwamba bibi harusi avae veli, halimo katika Biblia. Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya wanawake kufunika kichwa wakati wa kusali, hakuwa akizungumzia maharusi. Na Warumi wa zama hizo walimvika bibi harusi ushungi wa rangi ya moto, uliofanana kidogo sana na huu weupe tunaouita desturi ya Kikristo.

Weupe huo una tarehe. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa tarehe 10 Februari 1840 kwa gauni la satini nyeupe na veli ya lesi. Maharusi wengi wa wakati ule walivaa rangi, nguo ambayo wangeweza kuivaa tena Jumapili nyingine. Lesi yake ilifumwa kwa mkono na wanawake wa kijiji cha Beer, katika mkoa wa Devon, na aliiagiza huko makusudi, maana mashine zilikuwa zimewanyang'anya kazi wafumaji hao. Veli yenyewe ilining'inia nyuma, chini ya taji la maua ya mchungwa. Malkia aliingia kanisani uso wazi. Shangazi wanaosema kufunuliwa uso ndiyo ndoa yenyewe wamtazame huyo, maana harusi yake ndiyo iliyoeneza nguo nyeupe duniani.

Hizo mashine ndizo zinazonigusa zaidi, kwa sababu habari zake zilianzia Loughborough, mwendo mfupi kwa treni kutoka nyumbani kwangu. Kabla ya mashine hizo, neti laini ilifumwa kwa vijiti na nyuzi, tundu moja baada ya jingine, na aliyeivaa alikuwa tajiri kwelikweli. Mwaka 1808 na 1809 John Heathcoat alipata hataza za mashine iliyozungusha nyuzi zikaacha matundu ya pembe sita, kama sega la nyuki. Usiku mmoja wa Juni 1816 watu wakavamia kiwanda chake Loughborough wakavunja zaidi ya mashine 50. Heathcoat akahamia Tiverton, hukohuko Devon kwa wafumaji wa lesi, na wafanyakazi wake kadhaa wakamfuata kwa miguu. Kiwanda cha Tiverton kipo mpaka leo. Parachuti iliyokiteremsha chombo cha Wamarekani kwenye sayari ya Mars Februari 2021 ilitengenezwa kwa kitambaa chake.

Basi veli inayovaliwa leo na mwalimu wa Tanga au muuguzi wa Kigoma ilitokana na mashine hiyo. Baadaye ikaja nailoni katika miaka ya 1930, bei ikashuka tena, na neti nyingi za madukani leo ni nailoni au poliesta. Nikimwambia binti kwamba veli yake haina hata miaka 250 ya historia, simpunguzii heshima yake. Namwondolea hofu.

Kuna veli moja ya karibuni ambayo watu wa milima yetu wangepaswa kuijua zaidi. Meghan Markle alipoolewa Windsor tarehe 19 Mei 2018, alivaa veli ya mita 5 iliyotariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola. Ua la Tanzania lilikuwa lile dogo la zambarau ambalo Waingereza hulipanda kwenye vyungu madirishani. Asili ya ua hilo ni Usambara. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa watu wake Ulaya, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi, Saintpaulia, kwa kumbukumbu ya ukoo wake. Bibi yetu Lushoto aliliona kila alipochota maji kwenye miamba yenye kivuli, hakuona sababu ya kuliandikia mtu barua. Jambo lingine lililosemwa juu ya veli ile ni kwamba watarizi walinawa mikono kila baada ya nusu saa ili nyuzi zisichafuke. Likumbukeni hilo, kwa sababu nitalirudia.

Sasa kisutu. Pwani yetu, tangu Lamu hadi Zanzibar, bibi harusi ana namna yake ya kufunikwa. Siku za kusingwa na kufukizwa udi anakaa ndani, haonekani ovyo, na akitolewa anatandwa kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe. Anayemfunika ni somo au kungwi wake, mwanamke aliyemfunda. Bwana harusi akishaoa msikitini ndipo anapoingia kumwona, na haingii mikono mitupu: kuna kipamkono. Yaani uso wa bibi harusi unalindwa na wanawake wenzake mpaka waridhike. Sisi Wasambaa wa Kilutheri tuliokulia jirani na Tanga mjini tuliyaona haya kwa majirani na tukayachukua kidogo kidogo, bila kuulizana dini.

Wapo watakaosema basi tuache neti ya Wazungu turudi kwenye kisutu, kilicho chetu. Nakipenda kisutu, lakini kanga nyingi za zamani zilichapishwa Uholanzi, Uingereza na India zikaja kwa meli. Kilichokifanya kisutu kiwe chetu ni mikono ya wale makungwi.

Turudi dukani. Muuza duka alichomeka kitana cha veli kwenye rasta za binti, kikateleza. Akachomeka tena, kikateleza. Akasema kwa upole kwamba labda siku hiyo anyooshe nywele. Nikamwona binti anainamisha macho, na hapo nikauvua mkoba wangu begani. Kitana kile kimetengenezewa nywele laini zinazorudishwa nyuma na kufungwa. Hakina ugomvi na nywele zetu, kinahitaji mahali pa kushika. Msusi akupitishie msuko mmoja mwembamba wa kulala, kutoka sikio hadi sikio, pale utakapotaka veli ianzie, na meno ya kitana yapite chini ya msuko huo. Ukiwa na rasta, shonea vitanzi viwili vya uzi mgumu kwenye ncha za kitana, kisha pitisha pini za nywele. Ukivaa wigi, kitana kishonwe kwenye kofia ya wigi siku moja kabla, wala si asubuhi ya harusi.

Rangi ndiyo inayowaponza wengi. Nyeupe kali, tena tabaka mbili au tatu, ikiwekwa mbele ya uso mweusi huleta ukungu, na picha za mwanga mkali hukufanya kijivu. Chukua tabaka moja, rangi ya maziwa au ya pembe, ujitazame karibu na dirisha, si chini ya taa za duka. Tulipombadilishia binti ile ya rangi ya maziwa, dada kule Lushoto alinyamaza, halafu akasema, "Sasa namwona mwanangu."

Hatukununua, maana veli hushoneka nyumbani. Yale matundu ya pembe sita hayafumuki, ukikata neti ukingo unabaki ulivyo bila kupindwa. Inauzwa kwa mita, na ipo ya upana wa karibu mita 3. Fundi yeyote anayejua kushona marinda ataikunja upande mmoja hadi ienee upana wa kitana, na kazi imekwisha. Mimi ndiye nitakayeishona. Mkishona wenyewe, naweni mikono kila mara, hasa mkiwa mmepaka mafuta ya nazi, maana doa la mafuta kwenye neti halina pa kujificha. Na msiipige pasi ya moto; nailoni huyeyuka. Itundikeni bafuni penye mvuke.

Kuhusu nani atafunua, binti ameamua. Mama yake, Mungu akijalia viza itoke, atamteremshia veli mlangoni mwa kanisa. Asipofika, nitateremsha mimi. Mbele ya madhabahu ataigeuza nyuma yeye mwenyewe, uso kwa uso na mwenzake. Akitoka ukumbini usiku atatandwa kisutu ambacho bibi ameshakituma, kimo kabatini kwangu kinanukia udi. Mchungaji ameulizwa, hana neno.

Nanyi mnaojiandaa, waulizeni mchungaji, shehe au wazee wenu mapema nani atashika ncha ya veli, msije mkalijadili mlangoni. Na kama mnataka ifike sakafuni, msikate neti kabla bibi harusi hajavaa viatu vya siku hiyo.