Lishe ya Nyongeza kwa Watu Wazima Wenye Utapiamlo Wanaoanza Tiba ya VVU: Mafunzo ya Majaribio ya Mwanza na Lusaka

Miongoni mwa watu wazima wanaoanza kutumia dawa za kupunguza makali ya VVU barani Afrika, waliodhoofika kwa utapiamlo hufariki kwa wingi zaidi, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo. Utapiamlo huo hupimwa kwa kugawanya uzito kwa kipeo cha pili cha urefu. Tokeo lililo chini ya 18.5 ni utapiamlo. Lililo chini ya 16 ni utapiamlo mkali. Mtu mwenye urefu wa mita 1.65 na uzito wa kilo 43 amekwisha kuingia katika kundi hili la pili. Kumpa mtu huyo chakula cha ziada huonekana kuwa jambo lisilohitaji hoja. Makala haya yanaeleza kwa nini linahitaji.

Mwili uliokosa chakula kwa muda mrefu hujiendesha kwa kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe. Akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesi iliyo ndani ya seli hupungua, ingawa vipimo vya damu huweza kuonyesha hali ya kawaida. Mgonjwa anapoanza kula vizuri, insulini hupanda na kuyasukuma madini hayo kutoka katika damu hadi ndani ya seli. Fosfeti ya damu huweza kushuka ghafla, mapigo ya moyo yakavurugika na misuli ya kupumulia ikalegea. Hali hii ilishuhudiwa kwa wafungwa walioachiliwa mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ambao baadhi yao walikufa baada ya kushiba. Mgonjwa wa VVU huikaribia hatari hiyo pale dawa zinapomrudishia hamu ya kula.

Kutokana na hoja hiyo, jaribio la NUSTART lilifanyika Mwanza na Lusaka kuanzia mwaka 2011 hadi 2013, likihusisha wagonjwa 1,815. Wote walipewa lishe ya nyongeza yenye mafuta, kwanza kwa kiasi kidogo, kisha gramu 250 kwa siku kuanzia wiki ya 2 hadi ya 6 ya dawa. Kundi moja liliongezewa vitamini na madini kwa viwango vya juu. Idadi ya vifo haikutofautiana baina ya makundi hayo, ijapokuwa chembe za CD4 ziliongezeka zaidi kidogo katika kundi lililopewa nyongeza hiyo. Matokeo haya hunukuliwa mara nyingine kana kwamba yamethibitisha kuwa chakula hakisaidii. Usomaji huo si sahihi: hapakuwa na kundi lililonyimwa chakula, hivyo swali hilo halikuulizwa.

Jaribio la REALITY, lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi na Zimbabwe, lililikaribia zaidi. Wagonjwa wenye CD4 chini ya 100 waligawanywa: baadhi walipewa chakula-lishe kwa wiki 12, wengine walikipata pale tu mwongozo wa nchi yao ulipoagiza. Waliopewa waliongezeka uzito zaidi, lakini vifo havikupungua. Katika jaribio hilohilo, kifurushi cha dawa za kinga dhidi ya kifua kikuu, fangasi, bakteria na minyoo kilipunguza vifo vya wiki 24 kutoka asilimia 12.2 hadi 8.9.

Kwa maoni ya mwandishi, tofauti hii inadokeza kuwa wembamba wa wagonjwa wengi ni dalili ya maradhi yaliyojificha kabla haujawa matokeo ya sufuria tupu. Hata hivyo, kifo si kipimo pekee. Huko Jimma, Ethiopia, wagonjwa ambao kwa jumla hawakuwa wamedhoofika sana walipewa gramu 200 kwa siku kwa miezi mitatu, wakaongeza misuli na nguvu za kushika kwa mkono. Kwa mvuvi au mkulima, mkono wenye nguvu ndio unaorudisha chakula nyumbani baada ya mgao wa kliniki kwisha, na watafiti wanaopima uzito peke yake hawataiona faida hiyo.