Shauri la Kijiji Lifikavyo Barazani

Watu wengi hudhani ya kuwa shauri la zahanati huamuliwa siku ile madiwani wakutanapo mjini Karatu. Sivyo. Shauri huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kusema. Nao, kwa sheria, hupasa kuitishwa kila miezi 3. Kisha hupita kwa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Wilayani, Kamati ya Elimu, Afya na Maji hulichunguza, na ile ya Fedha hutazama kama mapato yatatosha. Ndipo baraza la madiwani hukata shauri. Basi, asiyehudhuria mkutano wa kijijini kwake asiwalaumu madiwani: haja isiyosemwa huko haitafika kwao.